Jua Liko, Stima Iko Wapi? Barua kwa Wanaoshangilia Megawati

Kuna video niliweka hapa nikiwa nimeenda nyumbani Garissa. Wengi wenu mliiona. Nimesimama kando ya mtambo wa sola, nyuma yangu paneli zimejipanga hadi macho yanachoka kuzihesabu, na mimi nimeinua mkono kama mbunge: "Wasee, hii ndiyo Garissa! Megawati 50! Umeme safi kutoka jua letu wenyewe!" Laiki zikamiminika. Mtu akaandika "proud of you bro". Nikajisikia kweli.

Wiki tatu baadaye nikiwa Nairobi, hooyo, yaani mamangu, akanipigia simu saa nane mchana. Hooyo anauza maziwa ya ngamia Soko Mugdi. Maziwa yanafika asubuhi kwa jerikeni kutoka malishoni, mengine yanauzwa hapo hapo, mengine yanaingia kwenye friza yakingoja basi la Nairobi. Siku hiyo stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Kwa joto la Garissa, friza isiyo na stima ni sanduku tu.

Kwa wasiojua, maziwa ya ngamia yaliyochachushwa vizuri ni susa, na susa ina wateja wake. Lakini kuna tofauti kati ya kuchachusha maziwa na maziwa kukuharibikia. Hooyo aliniambia, "Hii si susa. Hii imeoza." Jerikeni tatu. Halafu akauliza swali ambalo limenitesa tangu siku hiyo: "Wewe si ndiye ulisema kwa simu kuna stima ya jua hapa kwetu? Jua hili hapa juu ya kichwa changu. Stima iko wapi?"

Manze, sikuwa na jibu. Nilisema "network iko down hooyo, sikuskii vizuri", nikakata. Ndiyo, nilimdanganya mamangu kuhusu network. Kisha nikakaa chini nikaanza kusoma, nikauliza mafundi ninaowajua, nikagundua kitu cha aibu: nilikuwa nimeshangilia kitu ambacho sikukielewa. Na nikiwaangalia wakubwa wanaokata utepe, naona wanashangilia vile vile nilivyoshangilia mimi. Tofauti ni kwamba wao wanalipwa.

Sasa msinirukie. Sisemi sola ni uongo. Kuna watu chini ya ile video waliandika ati huo mtambo ni mapambo tu, ati paneli za Mchina haziwezi kutoa kitu. Hao pia nina neno nao, na naanza nao.

Mtambo wa Garissa ulizinduliwa Desemba 2019. Uko kwenye hekta kama 85, una paneli zaidi ya 200,000. Ulijengwa kwa mkopo kutoka China, na mwenyewe ni shirika la serikali linaloitwa REREC. Kila paneli ina vipande vyembamba vya silikoni, ile inayotengenezwa kutokana na aina ya mchanga, vikiwa vimebanwa chini ya kioo. Mwanga wa jua ukigonga silikoni, unazing'oa elektroni mahali zilipotulia. Elektroni zikianza kutembea upande mmoja, huo ndio umeme. Basi. Hakuna kinachochomwa. Hakuna bomba la moshi, hakuna tangi la dizeli, hakuna mtambo unaonguruma usiku kucha watoto wakishindwa kulala. Sisi wa Garissa tunajua kelele hiyo, kwa sababu hadi 2016, kabla laini ya kutoka Kindaruma kutufikia, mji wetu uliishi kwa jenereta za dizeli. Mwenye kuita sola mapambo hajawahi kuishi karibu na hizo jenereta.

Na mwanga ndio unaofanya kazi, si joto. Hili lilinishangaza. Sisi hudhani kadiri Garissa inavyochoma ndivyo stima inavyoongezeka. Wapi! Nguvu inayoandikwa kwenye paneli hupimwa ikiwa na joto la nyuzi 25. Kila nyuzi moja ikizidi hapo, paneli hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu yake. Paneli inayopigwa na jua la saa saba mchana kwetu inaweza kufika nyuzi 60, na hapo imepoteza kama asilimia 14. Ongeza vumbi. Kwa hiyo kuzitunza ni kazi ya kila siku, si ya siku ya uzinduzi.

Umeme unaotoka kwenye paneli ni wa mkondo mnyoofu, kama wa betri ya gari. Wa nyumbani kwako ni wa kupishana, unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Kifaa kinachobadilisha wa kwanza uwe wa pili kinaitwa inveta. Kutoka kwenye inveta umeme unaingia kwenye transfoma, unapandishwa nguvu, unapanda kwenye laini kubwa, unajiunga na gridi ya taifa. Ukishaingia huko si wa Garissa tena. Ni wa kila mtu aliyewasha taa Kenya.

Na hapo ndipo jibu la swali la hooyo lilipo. Majibu ni mawili, yote machungu.

La kwanza. Hitilafu ikitokea mjini, kwenye nguzo na transfoma zinazoleta stima sokoni, mtambo wa jua unaweza kuwa unafanya kazi vizuri kabisa wakati huo huo, stima yake ikipita kwenye laini kubwa kwenda zake bara. Mnaishi kando ya mto, bomba la nyumbani limepasuka, mnaangalia maji yakipita.

La pili ndilo lililoniacha mdomo wazi. Tuseme hitilafu iko kwenye laini kubwa yenyewe, gridi yote imezima. Inveta za mitambo kama huu wetu zimetengenezwa kufuata mdundo wa gridi. Zinasikiliza kwanza zile mara 50 kwa sekunde, halafu nazo zinaingia hapo hapo, kama mtu anayeitikia kwaya. Gridi ikinyamaza, zinanyamaza. Ni jambo la usalama pia, maana fundi aliyepanda nguzo akijua laini imekufa hatakiwi kuuawa na stima ya sola inayoingia kutoka upande mwingine. Kwa hiyo jua linaweza kuwaka kama tanuri, paneli 200,000 ziko sawa, na mtambo wote hautoi hata stima ya kuchaji simu.

Kumbukeni Ijumaa ile ya tarehe 25 Agosti 2023, nchi nzima ilipoingia gizani usiku hadi uwanja wa ndege wa JKIA. Kuna sehemu zililala giza zikaamka giza. Jumamosi jua lilichomoza kama kawaida. Lakini mtambo wa sola wa aina hii hauwezi kuamsha gridi iliyokufa. Lazima ungoje mwingine, wa maji au wa mvuke au wa mafuta, uamshe gridi kwanza, ndipo nao ujiunge. Mahali gridi ilipokuwa haijarudi, paneli ziliota jua tu kama mjusi.

Je, ni lazima iwe hivyo? Hapana. Na hiyo ndiyo hoja yangu yote leo. Kuna inveta za aina nyingine ambazo hazifuati mdundo, zinautoa zenyewe. Ukizifunga na betri kubwa, mtambo unaweza kuushikilia mji hata laini kuu ikikatika. Si ndoto ya filamu. Ni kitu cha kuagiza, cha kuandika kwenye mkataba, cha kulipia. Sisi hatukuandika.

Sasa hesabu. Wakubwa wanapenda megawati kwa sababu megawati inasikika vizuri kwa maikrofoni. Lakini megawati ni nguvu ya kilele, ile ambayo mtambo unaweza kutoa jua likiwa limesimama vizuri. Kinachokusaidia wewe ni nishati inayotoka siku nzima, mwaka mzima. Mtambo wa Garissa ulitarajiwa kutoa kama gigawati-saa 76 kwa mwaka. Kama megawati 50 zingefanya kazi mchana na usiku bila kupumzika, mwaka mzima zingetoa gigawati-saa 438. Gawanya mwenyewe. Ni kama asilimia 17, sawa na kusema mtambo unafanya kazi kwa nguvu kamili saa nne na kidogo kwa siku.

Hiyo si kasoro. Ndivyo jua lilivyo, popote duniani. Kuna usiku, kuna asubuhi, kuna mawingu. Kasoro ni kuwaambia watu "megawati 50" kana kwamba ni sawa na megawati 50 za mvuke wa Olkaria, ambazo haziulizi ni saa ngapi.

Na saa ngapi ndiyo swali lenyewe. Kenya hutumia stima nyingi zaidi jioni, kuanzia saa moja hadi kama saa nne usiku. Watu wamerudi nyumbani, taa zimewashwa, mtu anapiga pasi, mwingine anachemsha maji, televisheni iko kwenye habari. Kilele hicho sasa kimepita megawati 2,300. Na jua letu huzama saa ngapi? Sisi tuko karibu na ikweta, saa kumi na mbili na nusu hivi imekwisha, mwaka mzima, bila mjadala. Mtambo wa Garissa unafunga duka dakika chache kabla wateja hawajajaa.

Pamoja na Garissa tuna mitambo mingine ya sola kwenye gridi: wa Malindi, ule wa Kesses, na Selenkei na Cedate huko Uasin Gishu, kila mmoja kama megawati 40. Jumla kama 210. Yote mitano ilijengwa bila betri kubwa za kuhifadhi. Saa moja jioni, yote mitano kwa pamoja inatoa sufuri. Sijatia chumvi. Ni sufuri.

Nani anajaza pengo? Maji, kama yapo kwenye mabwawa. Mvuke wa Olkaria na upepo wa Turkana, ndiyo. Stima tunayonunua Ethiopia. Na zinapowaka zile injini za mafuta mazito za Mombasa na Athi River, unalipa wewe. Angalia ule ujumbe wa tokeni, usiishie kwenye namba za kuingiza. Kuna mstari wa gharama ya mafuta. Umenunua tokeni za mia tano ukapata uniti chache ukadhani umeibiwa? Sehemu ya jibu iko kwenye mstari huo. Nchi inayojisifu kwamba karibu asilimia 90 ya stima yake ni safi bado inamkata mama mboga pesa ya mafuta kila anaponunua tokeni, kwa sababu ile kumi iliyobaki inakuja saa ile ile anayoihitaji.

Mwaka 2025 Rais mwenyewe alikiri hadharani kwamba jioni stima haitoshi na inabidi sehemu zingine zizimwe. Sasa niambieni. Mchana tuna jua tunalolipigia picha. Jioni tunazimiana. Na jibu linalotolewa ni lipi? Megawati zaidi. Utepe mwingine. Mimi nisimame tena kando ya barabara niinue mkono.

Tumeshawahi kuona sinema hii. Kule Loiyangalani, mtambo wa upepo wa Ziwa Turkana wa megawati 310 ulikuwa tayari 2017, mitambo 365 imesimama, upepo unavuma, lakini laini ya kutoa stima haikuwa imekamilika. Ilikamilika 2018. Kwa sababu ya mkataba, tukawa tunadaiwa stima ambayo hatukuipata. Somo lilikuwa wazi kabisa: mtambo peke yake si stima. Stima ni mtambo, laini, na uwezo wa kuitoa wakati inapotakiwa. Tukasoma somo? Tulitikisa kichwa tukaendelea kuhesabu megawati.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika, "Bro, betri ni za matajiri, hizo ni za Ulaya." Haya, tusiende Ulaya. Twende Malawi.

Malawi, jameni. Nchi ambayo uchumi wake tukiulinganisha na wetu tunacheka. Huko Golomoti, wilaya ya Dedza, wana mtambo wa sola wa megawati 20 uliojengwa na betri ndani yake tangu 2022. Betri si kubwa, megawati 5 kwa saa mbili, lakini iko, na inaitulizia gridi yao mawingu yanapopita. Ukienda Afrika Kusini, kule Kenhardt kwenye jangwa la Northern Cape, wana mtambo wa jua wa megawati 540 wenye betri ya megawati-saa 1,140. Mkataba wao hausemi tu megawati. Unasema mtambo utoe megawati 150 kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu na nusu usiku. Soma tena hiyo. Mkataba umeandikwa kwa saa! Walijua kilele ni jioni, wakamwambia mwekezaji tunanunua jioni yako, si mchana wako pekee.

Morocco wao walipita njia nyingine kabisa. Kule Ouarzazate, kwenye mtambo wa Noor, hawakutegemea paneli pekee. Vioo vinakusanya jua, joto lake linahifadhiwa kwenye chumvi iliyoyeyushwa, na chumvi hiyo inaendelea kuchemsha maji ya kuzungusha mtambo saa kadhaa baada ya jua kuzama. Chumvi! Sisi tunabishana kama jua la usiku linawezekana, na wenzetu wanalihifadhi kwenye chumvi.

Bei? Ni kweli, 2019 betri zilikuwa ghali kuliko leo, na sitamlaumu sana aliyejenga Garissa wakati ule bila betri. Lakini bei ya betri za lithiamu imeshuka kwa kama asilimia 90 tangu 2010. Aliyepiga hesabu miaka kumi iliyopita akasema haiwezekani, apige tena. Na akipiga, aweke upande wa pili gharama ya mafuta tunayolipa kila mwezi, na maziwa ya hooyo, na samaki wa Kisumu, na chanjo kwenye friji ya zahanati, na mtoto anayesomea mtihani kwa tochi ya simu. Hizo hazimo kwenye risiti ya mtu yeyote ila ni gharama.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu, na nisingekuwa mkweli nikiiruka. Wataalamu wengine wanasema Kenya tayari ina betri, inaitwa Mto Tana. Mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yamefuatana kama ngazi. Mchana sola ikitoa stima, unaweza kufunga maji kidogo, uyaweke, halafu uyafungulie jioni yazungushe mitambo. Ina maana jua la Garissa la saa sita linaweza kukufikia saa mbili usiku likiwa limegeuka maji. Ni hoja nzuri sana, na inafanya kazi bila kununua betri hata moja. Kwa sisi ni kama mzaha mtamu: ule mto unaotoka kwenye mabwawa hayo ndio unaopita Garissa, na ile laini inayotuunganisha na gridi inatoka hapo hapo Kindaruma.

Lakini betri hiyo ina mwenyewe, anaitwa mvua. Ukame ukija, bwawa linashuka, na jioni unayoihitaji zaidi ndiyo inayokosa maji. Mvua ikizidi, bwawa linajaa, huwezi kuzuia tena, na sisi wa chini tunajua kinachofuata, tulikiona 2024. Kwa hiyo ndiyo, tumieni maji kama akiba. Ila msitumie hoja hiyo kama kisingizio cha kutonunua akiba nyingine.

Na kuna watu ambao hoja zote hizi haziwafikii kabisa, kwa sababu gridi yenyewe haijawafikia. Ukitoka Garissa uende kaskazini, Wajir, Mandera, miji hiyo haiko kwenye gridi ya taifa. Huko jenereta za dizeli bado zinanguruma, hata pale walipoongeza sola kidogo pembeni. Fikiria safari ya hiyo dizeli. Inatoka ng'ambo kwa meli, inashuka Mombasa, inapakiwa kwenye lori, inapita mamia ya kilomita za vumbi na barabara mbovu, ili iende kuchomwa chini ya jua kali kuliko lote Kenya. Kama kuna mahali ambapo sola na betri hazihitaji mjadala, ni huko. Huko huhitaji kungoja laini. Mji unakuwa gridi yake mwenyewe. Benki ya Dunia iliidhinisha pesa za mradi wa sola wa kaunti 14 zilizoachwa nyuma mwaka 2017. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa yuko shule ya msingi. Muulizeni kama anasomea stima.

Wakati huo huo wenye pesa wanaondoka polepole. Viwanda vinafunga paneli juu ya paa. Vyuo vikuu pia, Strathmore walifanya hivyo kitambo, 2014. Matajiri wa mitaa ya juu wana paneli, wana betri, stima ikipotea hata hawajui. Siwalaumu, ningekuwa nazo ningefanya hivyo leo. Lakini angalieni inakoelekea: gharama za nguzo, laini na madeni ya gridi haziondoki na mtu aliyeondoka. Zinabaki, zinagawanywa kwa waliobaki. Na watakaobaki mwisho ni wale wasioweza kununua betri. Jua ni la wote, ila usiku umeanza kuwa wa wenye nazo.

Kwa hiyo nataka nini? Nataka tuache kuuliza "megawati ngapi". Siku nyingine kiongozi akisimama mbele ya paneli, mwandishi wa habari, MCA, kijana mwenye simu kama mimi, mtu yeyote aliye karibu na maikrofoni amuulize: saa mbili usiku huu mtambo utatoa nini? Amuulize: gridi ikizima, mji unaokaa kando ya huu mtambo utapata nini? Akijibu "sufuri" na "hakuna", basi hajaleta stima kamili, ameleta nusu, na bei iwe ya nusu na makofi yawe ya nusu.

Nataka mikataba mipya ya sola iandikwe kwa saa, kama wenzetu wa Kenhardt. Nataka mitambo mitano tuliyonayo iongezewe betri, na Garissa iwe ya kwanza. Si kwa sababu ni kwetu. Ni kwa sababu mtambo ni wa serikali, ardhi iko, laini iko, na mji uko hapo hapo kando yake na hospitali yake na soko lake. Fungeni inveta zinazoweza kusimama zenyewe, ili laini ya Kindaruma ikikatika, Garissa isizime.

Mnajua "mugdi" kwa Kisomali maana yake ni nini? Giza. Mamangu anauza maziwa kwenye soko linaloitwa giza, jirani na mtambo wenye paneli zaidi ya 200,000. Singeweza kubuni hilo hata ningelipwa.

Nilimpigia baadaye, safari hii bila kusingizia network. Nikamweleza yote, elektroni, inveta, gridi, kwaya. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akasema, "Sawa. Kwa hiyo walinunua gari, hawakununua tairi." Kisha akaniuliza betri ya friza moja ni pesa ngapi. Nikamtajia bei niliyoambiwa na fundi. Akanyamaza kidogo, akasema atarudi kununua barafu kama zamani.

Ile video bado iko, sijaifuta. Nimebadilisha tu maneno ya chini. Zamani palikuwa na bendera na misuli. Sasa pameandikwa: "Hii ni stima ya mchana. Ya usiku tunaidai."

Wewe ukiwa na jibu kwa hooyo, andika hapo chini nimsomee. Ila usiniletee megawati.